Mama ameweka nadhiri ya maulidi kwa ajili yangu, mdogo wangu amesema hakanyagi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Tandika, Temeke, nina miaka 34. Nimetumia unga miaka mingi, nilianza kwa kuvuta kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, pamoja na marafiki, mwisho nikawa najidunga. Huu ni mwaka wa pili nakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, kliniki, na tangu mwaka jana sijagusa kete. Sikuandikii kuomba njia ya kuacha. Nakuandikia kwa sababu nimerudishwa nyumbani, namshukuru Mungu usiku na mchana, na shukrani hiyohiyo sasa imezua ugomvi.

Mama yangu anapika vitumbua na kuuza barazani asubuhi. Wakati wangu ule alinifukuza, akanirudisha, akanifukuza tena. Alinifuata kituo cha polisi, alinifuata maskani mbele ya watu, kuna siku alinivuta kwa shati kama mtoto. Ndugu walimwambia aniache nife. Hakuniacha. Siku hizi ndiye anayenituma dukani. Juzi alinipa noti ya elfu kumi nikamnunulie mchele, hamira na iliki. Nikarudi na chenji nikamwekea mkononi. Akaifunga kwenye pindo la khanga bila kuihesabu, akaendelea kukoroga. Shangazi, nilitoka nje nikalia.

Sasa kumbe nilipolazwa na jipu la mkono, lile la sindano, madaktari wakihofia mkono utakatwa, mama aliweka nadhiri kwamba nikipona na kuacha, atasoma maulidi. Anataka aitimize mwezi wa Maulidi ujao. Anataka mtaa mzima waje, hasa wale waliosema nitafia mtaroni. Anataka nivae kanzu, nisimame mbele ya watu niseme nilikotoka.

Mjomba wangu ameahidi mbuzi na mchele wa pilau, lakini ana sharti lake. Anasema hawezi kuchinja mbuzi kwa ajili ya mtu ambaye kila asubuhi anakwenda kunywa "unga wa serikali". Anataka niwe nimeachana na methadoni wiki mbili kabla ya shughuli, ili dua iwe ya kweli. Mama hakumpinga. Tangu siku ile ameanza kuniuliza, "Kwani hiyo dawa utakunywa mpaka lini?"

La pili ni mdogo wangu wa kike. Yeye ni fundi wa kushona. Mwaka ule ilikuwa Desemba, ana oda za sare za shule, vitambaa vya watu vimejaa chumbani. Alikwenda Kariakoo kununua vifungo. Nikaingia, nikabeba cherehani na vitambaa, nikauza vyote siku hiyohiyo kwa bei ya kutupa. Januari wazazi wa wanafunzi wakamjia juu, mmoja akamfikisha serikali ya mtaa, akaonekana yeye ndiye tapeli. Hakupata tena mtaji wa cherehani nyingine. Sasa ameolewa, anaishi Mbagala, anashona kwenye fremu ya mtu kwa kulipwa kwa kila nguo.

Akija kwa mama anatembea na pochi yake kila anakokwenda. Akiingia jikoni anaingia nayo, akienda chooni anakwenda nayo, akisali anaiweka mbele ya mswala. Ananisalimia vizuri tu. Mama alipomwambia habari ya maulidi alijibu, "Nadhiri ni yako mama, itimize. Mimi sitakula pilau ya mwizi wangu." Mama akamwita mwenye roho mbaya, asiyetaka kuona mwenzake amepona. Tangu hapo hawapigiani simu.

Mimi naosha magari, napata riziki ya siku. Nimefikiria nikope nimnunulie cherehani kabla ya shughuli ili naye aje. Nimefikiria pia nimsikilize mjomba, nipunguze dozi mwenyewe kimyakimya. Watu wananiambia, "Usimwangushe mama yako, unajua alivyoteseka." Najua, Shangazi, hakuna anayejua kuliko mimi. Nifanye nini ili kila mmoja aone kwamba ninashukuru?

Wako,
Mtoto wa mama, Tandika

---

Marahaba, mwanangu. Na hongera, tena hongera ya moyoni, maana arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ni kitu kinachomkunja mwanamume mzima akalia kama mtoto, na wewe umeivuka ukabaki upande wa pili.

Naanza na mjomba, kwa sababu hilo likiharibika hayo mengine yote hayatakuwa na maana. Dozi yako usiiguse. Usiipunguze kimyakimya, usiruke siku, usidanganye kliniki kwamba unasafiri. Heroini humshika mtu saa chache kisha humtupa kwenye arosto, ndiyo maana mtumiaji anaishi kwa kutafuta kete inayofuata. Methadoni, dozi yake ikishapimwa vizuri, hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Kikombe unachokunywa asubuhi mbele ya mhudumu kinakufikisha kesho bila kuumwa, bila kuchakaa, bila kusinzia barabarani, na ukiwa na nguvu za kuosha magari ya watu. Kushuka dozi hadi kumaliza kunawezekana na wapo waliofika huko, lakini ni kazi ya miezi, kidogokidogo, daktari akiangalia, na mgonjwa mwenyewe akiwa ameona yuko tayari. Haifanywi kwa wiki mbili kwa ajili ya pilau.

Kuna jambo jingine ambalo nataka mama na mjomba walisikie kwa masikio yao. Mwili uliokaa muda bila unga hauwezi tena kubeba kiasi ulichokuwa ukikibeba zamani. Mtu akikatisha matibabu, arosto ikamrudisha maskani, akajidunga kipimo chake cha kale, kipimo kile kinaweza kumkata pumzi palepale. Kurudia baada ya kuacha ni moja ya nyakati za hatari kabisa katika safari hii yote. Mjomba anadhani anakusogeza karibu na uzima. Hajui anakusukuma wapi, na simlaumu kwa kutojua, ila asiachwe hivyohivyo.

Usibishane naye barazani. Mwombe siku moja akusindikize kliniki, akae na wauguzi na watu wa ustawi wa jamii, aulize maswali yake yote, hata hilo la unga wa serikali. Waambie ana wasiwasi wa dini pia, wamezoea kuusikia. Tiba hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kusini mwa Sahara kuitoa, zikafuata Mwananyamala na hapo kwenu Temeke, kisha mikoani kama Mbeya, Mwanza na Dodoma, na Zanzibar kule Kidongo Chekundu. Hao wahudumu wameshawapokea wajomba wengi.

Na mama akikuuliza tena utakunywa mpaka lini, mjibu kwa upole: "Mama, yule uliyempa elfu kumi akarudi na chenji, ndiye huyuhuyu anayekunywa dawa kila asubuhi. Unayemshukuria Mungu ni huyo." Mwache atafakari. Mama huyu hukumwelewa vibaya hata siku moja, na yeye atakuelewa.

Sasa nadhiri. Hapa sitakwambia ukatae, na nadhani hukutarajia nikwambie hivyo. Nadhiri ni ahadi kati ya mama na Mola wake, aliiweka usiku ambao mkono wako ulikuwa unaoza na hana wa kumkimbilia. Ana haki ya kuitimiza, tena ana wajibu. Lakini mkae mkumbushane aliahidi nini hasa. Kwa maelezo yako aliahidi kusoma maulidi. Hakuahidi mbuzi. Hakuahidi mtaa mzima. Hakuahidi kukusimamisha na kanzu uwahadithie watu ulivyokuwa unalala kwenye mitaro. Kama ana shaka, amuulize ustadhi wa madrasa ya hapo jirani kama nadhiri yake inatimia kwa watu wachache, kahawa, tende, na vitumbua vya mkono wake mwenyewe. Mbuzi wa mjomba akija bila sharti, apokelewe kwa mikono miwili. Akija na sharti, abaki bandani.

Namwelewa mama anavyotaka wale waliomcheka waje waone. Miaka yote hiyo alipita mbele yao ameinamisha kichwa, sasa anataka apite amekiinua. Hilo si dogo, usilidharau. Ila ubaya wa kutangazwa mbele ya mtaa kwamba umepona ni huu: siku ukiteleza, na wengi huteleza hata mara moja kabla hawajatulia, utaona aibu kurudi kliniki kwa sababu umekula pilau ya watu. Nimeona vijana waliokuwa na nafasi nzuri ya kunyanyuka upesi, wakajificha miezi kwa sababu ya sherehe waliyofanyiwa. Mwambie mama wazi: "Siku hiyo nitawanawisha wageni mikono, nitagawa chakula, nitakaa kwenye jamvi na wenzangu, nitaitikia. Kusimama kuzungumza sitasimama." Akitaka kanzu, vaa kanzu. Mwache yeye aseme alichonacho moyoni, shukrani ile ni yake.

Nimefika kwa mdogo wako, na hapa nitakaa.

Mama amempata mtoto aliyekuwa amepotea. Umerudi kwake mzima, unakoroga naye unga wa vitumbua, anayo sababu ya kusoma maulidi. Mdogo wako amepata nini? Cherehani haijarudi. Zile oda hazijarudi. Jina lake lililochafuka serikali ya mtaa hakuna aliyekwenda kulisafisha. Anakwenda kazini kila siku kushona kwenye cherehani ya mtu mwingine, na kila akikanyaga pedeli anakumbuka kwa nini. Halafu anaambiwa aje afurahi, na asipofurahi ana roho mbaya. Mwanangu, yule binti hana roho mbaya. Amemwambia mama yake atimize nadhiri, hakumzuia, hakukutukana, na anakusalimia. Kwa mtu aliyefanyiwa alivyofanyiwa, huo ni uungwana mkubwa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza kwake wala haihitaji hela. Nenda kwa mama leo umwambie, "Mdogo wangu ana haki. Nilimwibia, nikamharibia kazi, nikamwacha atukanwe kwa ajili yangu. Usigombane naye kwa sababu yangu. Mpigie simu." Sema hivyo hata kama mama atanuna. Unataka wote waone unashukuru. Yeye ataona siku atakaposikia kwamba ulimtetea akiwa hayupo.

Kazi ya pili ni kumwendea mwenyewe, kwa ruhusa yake. Usimtume mama, usimtume mjomba, usiandike kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mwandikie ujumbe wake peke yake, mfupi. Kwa mfano: "Asalaam aleykum mdogo wangu. Sikuombi uje kwenye maulidi wala sikuombi unisamehe. Naomba nafasi nije kuzungumza juu ya cherehani na vitambaa vya watu, siku unayotaka wewe, mahali unapotaka wewe, na shemeji akiwepo kama utapenda. Usipotaka, sitakusumbua tena." Akikaa mwezi bila kujibu, kaa naye huo mwezi.

Akikukubalia, taja ulichofanya kwa jina lake. "Niliiba cherehani yako, niliiba vitambaa vya wateja wako, nikauza." Usiseme shetani alikupitia. Usiseme arosto ilikutuma, ingawa ni kweli ilikutuma. Yeye anajua kuhusu arosto, alikuwa anaishi nayo nyumba moja. Kisha muulize ni nini kingine kilimpata ambacho hukijui, na unyamaze usikilize. Inawezekana aliuza hereni zake ili amlipe mteja. Inawezekana kuna posa iliyovunjika. Yatakuchoma, na kwa kuchomwa huko hutakufa. Ila siku hiyo usirudi nyumbani peke yako. Panga kabisa na mwenzako mmoja mnayekunywa naye dawa, au mshauri wako wa kliniki, umpitie baada ya mazungumzo. Hisia nzito ya hatia ni mlango mmojawapo unaowarudisha watu kwenye kete. Wanaofuata hatua 12 za NA (Narcotics Anonymous, kundi la waraibu wanaosaidiana kuacha), wale wa nyumba za soba wanakoishi wanaoacha, wanalijua hili vizuri: kuorodhesha uliowaumiza ni hatua ya 8, kuwafidia ni ya 9, na kabla ya hapo kuna 7 za kumwandaa mtu asivunjike akifika. Tena hiyo ya 9 inasema wazi usimfidie mtu kwa namna itakayomuumiza upya.

Habari ya kukopa, futa. Najua mikopo inayopatikana kwa muosha magari, ni ya kausha damu, na sitaki kukuona unakimbizwa na wakopeshaji mwezi mmoja baada ya maulidi. Pia cherehani inayofika siku mbili kabla ya shughuli itaonekana ni ya kumnunulia hiyo siku, si ya kumlipa. Mkubaliane bei ya cherehani na ya vitambaa, muandikiane hata kwenye daftari, halafu kila wiki mtumie kwenye simu yake unachoweza, hata kama ni kidogo, moja kwa moja bila kupitia mkononi kwa mama. Itachukua muda mrefu. Mbaya zaidi ni kurundika hela nyingi mfukoni. Wewe mwenyewe unajua hela nyingi mfukoni zilikuwa zinakupeleka wapi.

Na ile pochi, mwache atembee nayo. Usiitazame, usiitanie, usimwambie mama imekuuma. Hukunyimwa kitu. Mama kuacha kuhesabu chenji ilikuwa hiari yake, na mdogo wako ana hiari yake, kwa saa yake. Pengine miaka itapita pochi bado iko begani, na mtakuwa ndugu mnaoheshimiana hivyohivyo.

Akikataa kuja kwenye maulidi, maulidi yasomwe. Apelekewe sahani yake Mbagala akiipenda, na asipoipenda isipelekwe. Ufike mahali uweze kumshukuru Mungu kwa ajili ya mama bila kumlazimisha dada yako aitikie amina.

Nimalizie na hao wanaokwambia usimwangushe mama. Wanasema kwa nia njema, lakini wanakutwika deni lisilolipika. Siku alizokesha mama huwezi kumrudishia, na ukijaribu kuzilipa kwa kuwa mtoto asiyekosea kamwe, utachoka vibaya. Mama hakukufuata maskani ili umlipe. Mshukuru kwa anachokihitaji sasa. Mama anayekesha na mtoto wa unga miaka mingi huwa haachi kukesha mtoto akipona. Nina hakika bado anashtuka ukichelewa, bado anasikiliza mlango. Mpe ratiba yako. Ukichelewa, mpigie. Usiku loweka mchele wewe, alfajiri amka usage, yeye alale hadi adhana. Ukikaa naye jikoni mtajie kitu kimoja alichokufanyia, kitu chenyewe hasa: "Mama, nakumbuka siku uliyonivuta kwa shati. Nilikuchukia siku ile. Nisingekuwepo." Atakwambia yameisha, mwanangu, nisagie nazi. Msagie nazi. Na umuulize kama angependa kuja kliniki na yeye siku ya kuonana na familia, maana ameubeba ugonjwa huu miaka sawa na wewe na sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza anaendeleaje.

Kwa wasomaji wengine wenye ndugu aliye kwenye unga na hamjui pa kuanzia, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Watawaelekeza kliniki iliyo karibu.

Wewe wa Tandika, kesho ukienda kunywa dawa usiondoke hapo dirishani kabla hujamwambia mhudumu kwamba nyumbani kuna anayekushinikiza uache, na kwamba ulishafikiria kupunguza mwenyewe. Mwombe siku ya kumleta mjomba. Ujumbe wa kumwandikia mdogo wako unaweza kusubiri hadi jioni.

Shangazi